Ndorobo: Jina la Asiye na Ng'ombe

Katika Kiswahili cha Bonde la Ufa, hasa kile kinachosikika Nakuru, Njoro, Molo na Narok, neno Ndorobo, ambalo wengine hulitamka Dorobo na ambalo likivishwa kiambishi cha watu huwa Wandorobo au Wadorobo, limetumika kwa zaidi ya karne moja kuwataja watu waliokuwa wakikaa ndani ya misitu ya milimani, mbali na njia kuu na masoko, wakipata riziki yao kwa kuwinda na kurina asali. Msomaji akilikuta gazetini au katika kitabu cha historia hulichukulia kuwa jina la kabila, kama vile Wakikuyu au Waluo, na hadhani kwamba lina maana nyingine zaidi ya kuwatenga watu hao na majirani zao. Ukweli ni kwamba neno hili halikuanza kuwa jina la kabila lolote. Lilikuwa neno la kueleza hali ya mtu, na tena hali hiyo ilielezwa na jirani aliyekuwa akimtazama kutoka nje, naye alipomtazama hakuona alichonacho bali aliona alichokikosa.

Asili yake ni lugha ya Kimaa, ambayo husemwa na Wamaasai, Wasamburu na Wachamus wa Baringo. Katika lugha hiyo mtu mmoja huitwa oltorroboni na wengi huitwa iltorrobo, na maana ya msingi ni maskini, yaani mtu asiye na ng'ombe, ambaye kwa kukosa mifugo analazimika kula nyama ya porini. Ili uzito wa maana hii ueleweke, ni lazima ikumbukwe kwamba kwa mfugaji wa Kimaasai umaskini haukupimwa kwa njaa wala kwa ukosefu wa nyumba. Mtu angeweza kuwa na ghala la asali, nyama ya kutosha na ngozi nzuri za kujifunika, na bado akahesabiwa kuwa hana kitu, kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa kipimo cha utu uzima, cha ndoa, cha urafiki na hata cha uhusiano wa mwanadamu na Mungu. Kumwita mtu oltorroboni kulikuwa ni kusema kwamba amebaki nje ya mpango huo wote.

Masimulizi ya Wamaasai kuhusu mwanzo wa dunia yanaliweka jambo hili wazi kuliko kamusi yoyote. Husimuliwa kwamba hapo zamani Mungu aliwateremsha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda mrefu wa ngozi, na kwamba waliendelea kushuka mpaka Mndorobo, kwa mshangao au kwa wivu, kutegemea anayesimulia, akapiga ukelele au akaukata ukanda kwa mshale, na tangu siku ile ng'ombe hawakushuka tena. Jambo la kuzingatia katika kisa hiki ni kwamba Mndorobo tayari yupo duniani wakati ng'ombe wanaposhuka, na hata katika simulizi la jirani anayemdharau yeye ni mtu wa mwanzo katika nchi. Dharau na ukiri vimo pamoja katika kisa kimoja, na mchanganyiko huo ndio ulioliandama neno hili hadi mahakamani.

Kwa kuwa lilieleza hali na si ukoo, neno hili lilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Katika miaka ya 1880 na 1890 Wamaasai walikumbwa na maafa wanayoyakumbuka kwa jina la emutai, yaani maangamizi, wakati homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka, ndui na ukame vilipofuatana na kuteketeza mifugo na watu. Baadhi ya waliobaki bila ng'ombe waliingia misituni kwa wawindaji, wakajifunza kutega na kurina, na kwa muda huo wakawa iltorrobo wao wenyewe. Wengine walirudi kwenye ufugaji walipopata ng'ombe tena, na vivyo hivyo wawindaji waliofanikiwa kupata mifugo, kwa biashara, kwa kuoana au kwa kuchunga mifugo ya wengine, waliweza baada ya kizazi kimoja au viwili kuhesabiwa kuwa Wamaasai.

Mfano wa karibu wa mwisho huu ni Wayaaku wa msitu wa Mukogodo huko Laikipia, ambao walikuwa na lugha yao ya jamii ya Kikushi na walioishi kwa asali na uwindaji, lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 waligeukia ufugaji na kuanza kusema Kimaa. Mahari yalipoanza kulipwa kwa ng'ombe badala ya mizinga ya nyuki, kijana asiye na ng'ombe hakuweza kuoa, na lugha iliyokuwa na maneno mengi ya msituni ikabaki vinywani mwa wazee wachache. Hapa neno la dharau lilifanya kazi kubwa kuliko bunduki, kwa sababu watu waliacha lugha yao wenyewe ili wasiitwe hivyo tena.

Neno lilifikaje katika Kiswahili? Lilibebwa na misafara ya biashara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani, waliotoka Mombasa, Pangani na kwingineko, walipita Umaasaini wakipitia Naivasha hadi Baringo, ambako Wachamus waliwauzia nafaka, na walichokifuata zaidi ya kitu chochote kilikuwa pembe za ndovu. Wamaasai hawakuwa wawindaji wa ndovu. Waliowawinda walikuwa watu wa msituni. Kwa hiyo mfanyabiashara wa pwani alihitaji kuwajua watu hao, lakini aliwajua kupitia kwa Wamaasai waliokuwa wenye nchi ya kupita, na jina alilopewa ndilo alilolishika. Kiambishi cha Kimaa kilidondoshwa, sauti ya t ikalainika na kuwa nd, na kiambishi cha Kiswahili kikawekwa mbele. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita katika nchi hiyo mwaka 1883 na 1884 pamoja na wapagazi na wakalimani wa pwani, alilitumia jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1885, na kutoka hapo likaingia katika ramani na ripoti za Wazungu bila yeyote kuwauliza wahusika wanajiitaje.

Kiswahili kina pia neno ndorobo lenye maana ya mbung'o, yule inzi anayewaambukiza ng'ombe nagana na binadamu malale, na nchini Tanzania maofisa wa mifugo hulitumia neno hilo hadi leo. Wapo wanaoyahusisha maneno haya mawili, wakieleza kwamba penye ndorobo hapakai ng'ombe, na kwamba anayekaa huko ni lazima awe mtu asiye na mifugo. Maelezo hayo yanavutia zaidi kuliko yanavyothibitika, hasa kwa kuwa misitu ya Mau, kwenye milima ya Bonde la Ufa walimoishi wengi wa walioitwa Wandorobo, iko juu sana na ina baridi isiyomfaa mbung'o, na maana ya umaskini inatosha kulieleza jina la watu bila msaada wa inzi.

Tabia ya kuwaita watu kwa kile ambacho jirani anawaona nacho au anawaona wamekikosa haikuwa ya Wamaasai peke yao. Waswahili wenyewe kwa muda mrefu waliwaita majirani zao wa bara ya Mombasa Wanyika, yaani watu wa porini, na ni katika miaka ya 1940 tu jina la Mijikenda, lililochaguliwa na wenyewe, lilipoanza kuchukua nafasi yake. Hali kadhalika wawindaji Waaweer wa Lamu walijulikana kwa jina la Boni, walilopewa na majirani wafugaji, na Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi nchini Tanzania waliitwa Watindiga. Nakuru na Kericho zinao mfano wao ulio karibu zaidi. Wakipsigis waliitwa Walumbwa, neno jingine la Kimaa ambalo liliwadharau wale walioshika jembe badala ya kushika ng'ombe tu, na serikali ya kikoloni ililichukua jina hilo hadi likaandikwa kwenye kituo cha reli. Kituo hicho sasa kinaitwa Kipkelion, na hakuna mtu mwenye adabu anayemwita Mkipsigis Mlumbwa. Kwa nini basi Lumbwa ilikufa na Ndorobo ikaishi? Jibu lililo wazi ni kwamba Wakipsigis walikuwa wengi, walikuwa na wilaya yao na machifu wao, na walioitwa Wandorobo walikuwa wachache waliotawanyika katika vipande vya msitu, kila kundi likiwa chini ya wilaya ya kabila jingine.

Katika Mau watu hao hujiita Ogiek, ambalo wataalamu wa lugha huliandika Okiek, na mmoja wao ni Okiot. Lugha yao ni ya jamii ya Kikalenjin, na wazee wao hulieleza jina hilo kuwa na maana ya watunzaji wa mimea na wanyama. Mtaalamu wa Kiingereza G. W. B. Huntingford, aliyeishi karibu nao upande wa Nandi na Tinderet na kuandika habari zao mwaka 1929, alijua kwamba Okiek ndilo jina lao, na A. C. Hollis alikuwa amelitaja mapema zaidi katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba serikali haikuwa na njia ya kulijua. Lilikuwa limechapishwa, lakini Ndorobo liliendelea kutumika ofisini.

Mtu akiingia ndani ya maisha ya Waogiek kama yalivyoelezwa na watafiti walioishi nao katika miaka ya 1960 na baadaye, akiwemo Roderic Blackburn na Corinne Kratz, wazo la watu wasio na kitu linavunjika mara moja. Msitu haukuwa pori la kila mtu. Uligawanywa katika maeneo yaliyoitwa konoito, kila moja likiwa mali ya ukoo wa upande wa baba, na mipaka yake ilifuata vijito na migongo ya milima. Eneo moja halikukaa mahali pamoja kwa mwinuko, bali lilipanda kama ukanda kutoka nchi ya chini hadi kileleni, na sababu yake ilikuwa nyuki. Miti haichanui kwa wakati mmoja: ya chini hutangulia au huchelewa, na ya juu ina majira yake, kwa hiyo ukoo wenye ukanda unaopita katika miinuko yote uliweza kufuata maua mwaka mzima, ukihama kidogo kidogo kutoka mavuno hadi mavuno. Mzinga, ambao kwa lugha yao ni moinget, ulichongwa kwa gogo la mwerezi, mti usiooza upesi, ukapandishwa juu ya mti mrefu, na mzinga mmoja uliweza kurithiwa. Aliyerina katika mzinga wa mwingine alikuwa mwizi, kama vile yule aliyechukua ng'ombe bomani.

Asali ndiyo iliyokuwa fedha, chakula cha akiba, mahari na baraka. Ilichachushwa kuwa pombe ya wazee, na bila pombe hiyo ndoa haikufungwa wala ugomvi haukusuluhishwa. Tena ilivuka mpaka wa msitu: Wamaasai walihitaji asali kwa sherehe zao za jando na za kupanda rika, na walihitaji ngozi nzito za nyati kwa ngao zao, na vyote hivyo walivipata kwa watu wale wale waliowaita maskini. Nyama ilitoka kwa pongo, nguruwe wa msituni na perere, mnyama mdogo wa mtini ambaye ngozi zake laini zilishonwa kuwa joho la kukinga baridi ya Mau. Ni vigumu kuona umaskini katika maisha ya namna hii isipokuwa kwa macho ya mtu aliyeamua tangu mwanzo kwamba utajiri ni ng'ombe.

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 na walowezi wakaanza kugawiwa ardhi ya Njoro na Molo, neno hili lilipata kazi mpya. Utawala wa kikoloni ulitaka kila kabila liwe na eneo lake, na kila eneo liwe na kabila lake, na mtu wa msituni hakuingia katika hesabu hiyo. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter na kukusanya ushahidi mwaka 1932 na 1933, ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1934 kwamba Wandorobo wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo zaidi na wamezwe humo. Hoja iliyokuwa chini ya pendekezo hilo ni ile ile iliyofichwa katika neno: watu hawa si kabila, ni watu walio nusu ya makabila mengine, na kwa hiyo hawana nchi.

Ajabu ni kwamba ripoti hiyo hiyo ilijaa mabishano kuhusu Wandorobo kama wenye ardhi. Upande wa Kiambu wazee wa Kikuyu walieleza kwamba mashamba yao waliyapata kwa kuwalipa Wandorobo mbuzi, watu ambao kwa Kikikuyu huitwa Athi, yaani wawindaji, na madai hayo yalichunguzwa kwa makini kwa sababu haki ya mnunuzi ilitegemea haki ya muuzaji. Mndorobo alikubalika kuwa mwenye ardhi pale alipokuwa ameshaiuza, na akakataliwa pale alipokuwa bado anaikalia. Hakuna mfano ulio bora zaidi wa namna jina lisilo la mwenyewe linavyoweza kuvutwa upande wowote unaomfaa anayelitumia.

Mau iligeuzwa kuwa hifadhi ya serikali, sehemu kubwa ya miti ya asili ikakatwa na kupandwa misonobari kwa ajili ya mbao, na Waogiek wakafukuzwa mara kwa mara, kabla na baada ya uhuru. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini kote mwaka 1977, kile ambacho jina liliwatambulisha nacho kikawa kosa la jinai. Wengi walianza kulima viazi na mahindi na kufuga kondoo na ng'ombe wachache, kama ambavyo binadamu yeyote angefanya. Hata hivyo, jambo hilo lilitumika dhidi yao. Waogiek wa Tinet, kusini magharibi mwa Mau, walipokwenda Mahakama Kuu kupinga kufukuzwa, hukumu iliyotolewa Machi 2000 iliwakataa, na miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba hawaishi tena kwa uwindaji na kurina, kwa kuwa wamejenga shule, wamefungua maduka na wanalima. Aliyeitwa maskini kwa kukosa ng'ombe alinyimwa msitu kwa sababu ya kuwa na shule, duka na shamba. Mwaka uliofuata serikali iliondoa katika hifadhi zaidi ya hekta 61,000 za Mau ili zigawiwe, na Mau Mashariki, eneo la Nessuit na Mariashoni ambako hutoka mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayoingia Ziwa Nakuru, ilipoteza zaidi ya nusu ya msitu wake. Sehemu kubwa haikuwafikia Waogiek.

Oktoba 2009 shirika la serikali linalosimamia misitu lilitoa notisi ya siku 30 ya kuhama Mau. Mpango wa Maendeleo ya Waogiek, shirika lenye makao Nakuru linalojulikana kwa kifupi cha OPDP, pamoja na mashirika mengine ya haki, ulilipeleka shauri hilo kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ikalifikisha mwaka 2012 mbele ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Humo swali la zamani lilirudi likiwa limevaa joho la sheria, kwani serikali ya Kenya ilidai kwamba Waogiek si jamii ya pekee bali ni mchanganyiko wa jamii mbalimbali. Ni dai ambalo mjumbe yeyote wa tume ya Carter angelitambua. Mahakama haikulikubali. Tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Waogiek ni jamii ya asili ya Mau, kwamba kubadilika kwa maisha yao hakufuti utambulisho wao, na kwamba Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika, vikiwemo vya mali, dini, utamaduni na maendeleo. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara ya kiutu, wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu zao, na watambuliwe kwa jina, lugha, utamaduni na dini yao. Novemba 2023, kabla ya hatimiliki hiyo kutolewa, nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani upande wa Narok.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikuwa imeshachagua njia nyingine ya kusema. Kifungu cha 63 kinataja ardhi ambayo kwa jadi ilikaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ni ardhi ya jamii, na kifungu cha 260 kinaziweka jamii hizo miongoni mwa zile zilizoachwa nyuma, bila kutumia neno Ndorobo mahali popote. Sensa, kwa upande wake, imesita. Katika hesabu ya mwaka 2019 Waogiek waliandikwa kuwa 52,596, na Dorobo ikawekwa mstari wake kama kabila jingine, ilhali miaka kumi kabla yake Waogiek walikuwa 78,691. Watu hawapungui kwa theluthi moja katika miaka kumi bila vita wala tauni. Kinachopungua au kuongezeka ni idadi ya wanaoandikwa kwa jina fulani, na anayeshika kalamu mlangoni ana sehemu yake katika hilo.

Neno lenyewe halitakiwi kufutwa vitabuni, kwa sababu bila kulifahamu hakuna atakayeisoma ripoti ya mwaka 1934 na kuelewa inawazungumzia akina nani, na kwa sababu zipo jamii ndogo, baadhi yake katika Samburu na kaskazini mwa Tanzania, ambazo wanajamii wake huendelea kulitumia wakijitambulisha kwa wageni, kwa kuwa ndilo wanaloamini mgeni atalielewa. Lakini mwandishi wa Kiswahili anayeandika kuhusu Mau leo ana jina la kutumia, na ni Waogiek. Kuhusu Cherangany ana Wasengwer. Kuhusu Mukogodo ana Wayaaku. Kuhusu Kiteto, nchini Tanzania, ana Waakie. Akiandika Wandorobo kuwataja wote kwa pamoja, anawaunganisha watu wa lugha za jamii mbili tofauti, wa misitu iliyo mbali mbali na wa historia zisizofanana, kwa kitu kimoja tu ambacho Mmaasai wa karne ya 19 hakukiona katika maboma yao.

Asali ya Mau sasa huuzwa kama asali ya Ogiek, na vuguvugu la kimataifa la Slow Food limeiweka katika orodha ya vyakula vya jadi linavyovilinda kwa jina hilo hilo. Mizinga ya mwerezi bado huning'inizwa Mariashoni pale miti ya asili iliposalia, juu ya ardhi ambayo Waogiek wanaorina humo bado hawana hati yake.